Mjadala: Daktari wa dharura za nje ya hospitali asome ubingwa kwa nusu muda?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Hili tunalibishania kila zamu ya usiku na haliishi, nimeona niwaletee.

Uingereza, tangu 2011, tiba ya dharura nje ya hospitali ni ubingwa bobezi unaotambuliwa na GMC, baraza linalosajili madaktari. Anayeingia anatoka kwenye mafunzo ya fani moja kati ya nne: dharura, dawa za usingizi, ICU (wagonjwa mahututi) au magonjwa ya ndani ya ghafla. Mafunzo ni sawa na miezi 12 ya muda kamili. Daktari na paramediki (mhudumu wa dharura wa ambulensi), kwa helikopta au gari, wanamfuata mgonjwa palepale alipoangukia. Je, anayetaka kuyasoma kwa nusu muda aruhusiwe?

Mimi nasema aruhusiwe. Wapo wengi wanaoitandaza miezi hiyo 12 kwenye miaka miwili, nusu nje na nusu hospitalini kwenye fani yao ya kwanza. Yaani nusu muda tayari ipo, tena imezoeleka. Hiyo nusu nyingine ikienda chumba cha upasuaji, kimya. Ikienda nyumbani kulea mtoto, ghafla tunaanza kuzungumzia usalama wa mgonjwa.

Nusukaputi
Mkuu, hapo umeteleza. Ile nusu ya hospitalini haipotei. Nikiwa chumba cha upasuaji nalaza watu usingizi, naingiza mirija ya hewa, mkono unabaki na joto. Nje ni habari nyingine: umepiga magoti kwenye lami, mvua inakunyeshea, mgonjwa kabanwa kwenye gari na taya halifunguki. Unaweza kupiga zamu tatu usikutane na hata mmoja wa kumlaza. Na kumfungua kifua barabarani aliyechomwa kisu moyoni? Kuna wanaomaliza mafunzo hawajawahi kufanya hivyo.

Sasa chukua huyo aliyegawana na hospitali, halafu mkate nusu tena. Amebaki na robo. Miezi 12 kwa robo ni miaka minne! Zamu yake ni moja hivi kwa wiki; akiugua na kuchukua likizo, mwezi umeisha hajagusa begi la vifaa. Akirudi, begi limepangwa upya.

BintiZamu
Kaka, hesabu yako ni sahihi ila imejaa woga. Jumla ya zamu haipungui hata moja, inatandazwa tu. Tena aliyekaa miaka minne ameona majira ya barafu mara nne. Wa muda kamili ameiona mara moja, na pengine wiki ya baridi kali alikuwa likizo.

Halafu tusisahau tulikotoka. Mwaka 2017 chuo cha madaktari wa dharura kule Uingereza kilikubali kujaribu utaratibu wa wanafunzi wake kuomba kupunguza muda bila kulazimika kutaja mtoto wala ugonjwa. Si kwa huruma. Watu walikuwa wanachoka na kuondoka. Huyo mnayemwita shujaa wa muda kamili, muulizeni anavyoendesha gari kurudi nyumbani baada ya usiku wa nne.

Nusukaputi
Uchovu sibishi. Nabisha kuufanya uwe jibu la kila kitu.

Kiti cha Pembeni
Mimi ni paramediki, madaktari hawa wanakuja na kuondoka, mimi nipo. Niseme langu.

Asilimia ya mkataba wake hainisaidii kitu. Ninachouliza asubuhi ni siku ngapi zimepita tangu alipokaa humu garini mara ya mwisho. Wa nusu muda aliyepiga zamu nne mfululizo juzi simwogopi. Wa muda kamili aliyetoka wiki tatu za likizo, yeye ndiye namsomea orodha ya ukaguzi polepole kabla ya kumlaza mgonjwa, na namtazama mikono. Nusu muda ya zamu moja-moja na nusu muda ya mafungu ni vitu viwili tofauti, nanyi mnavibishania kama kimoja.

Mleta mada
Nusukaputi, kwenye chumba cha upasuaji umenishika, nakubali. Nyumbani na hospitalini si sawa kwa mkono. Lakini alichosema huyu wa mwisho kinanipa njia: mafungu ya zamu nne, na akikaa nje zaidi ya wiki mbili aanze na siku ya mazoezi ya kuigiza na paramediki wake kabla hajaruka. Na sheria hiyo iwabane wote, hata wa muda kamili akitoka likizo.

Nusukaputi
Hilo ningelitia sahihi. Ila mafungu yanaacha mashimo kwenye ratiba. Nani anakaa kile kiti siku anazokosekana?

BintiZamu
Mwingine wa nusu muda. Nafasi moja, watu wawili, wanapokezana.

Nusukaputi
Na usimamizi? Mwanzoni bingwa anakuwa naye garini. Baadaye bingwa yuko kwenye simu tu. Huyo wa robo tumwache peke yake lini, miezi ikitimia au idadi ya wagonjwa ikitimia?

Kiti cha Pembeni
Wagonjwa. Miezi hata mimi ninayo.

BintiZamu
Basi na wa muda kamili ahesabiwe wagonjwa. Nataka kuona kama wote watapita.