Tupeane uzoefu: matumbawe laini ya tangi la nyumbani yasipoteze rangi

Bamvua:
Wakuu, uzi huu ni wa wanaofuga matumbawe laini: Sarcophyton, Sinularia, Xenia, Briareum, pamoja na zoanthus na matumbawe-uyoga (kitaalamu hawa wawili si wa ukoo huo, ila tangini hutunzwa vilevile). Tafadhali mtu asituandikie "maji yawe safi" akaishia hapo. Safi kiasi gani?

Naanza mimi. Joto nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi. Chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji, yaani uzito linganishi wa 1.025 au 1.026. Ualkali 8 hadi 9 dKH (ndicho kipimo chake), kalsiamu miligramu 400 hadi 440 kwa lita, magnesi miligramu 1250 hadi 1350 kwa lita. Matumbawe laini kwa kawaida hayajengi mwamba kama yale magumu. Yana vijiti vidogo tu vya chokaa ndani ya nyama, hivyo hayali kalsiamu kama yale magumu. Ukibadili asilimia 10 ya maji kila wiki, kwa tangi la laini tupu umemaliza. Chupa za kuongeza madini muachie muuzaji.

Mwani Mwekundu:
Kinachoua rangi mara nyingi ni usafi uliopitiliza. Nitrati ikisoma sifuri na fosfati sifuri, polipu (vidomo vya tumbawe vyenye mikono midogo) husinyaa, rangi hupauka, kisha huja dinoflageleti, vijidudu vinavyofanya utando wa kahawia kama makamasi, wenye viputo. Lenga nitrati miligramu 5 hadi 15 kwa lita na fosfati 0.03 hadi 0.1. Zikiwa chini, ongeza chakula cha samaki, punguza saa za skima (mashine ya povu inayotoa uchafu majini), na toa kichujio cha kunyonya fosfati.

Pima kabla ya kugusa chochote, maana dalili mbili zinazofanana machoni pa mgeni zina dawa zinazopingana. Tumbawe likigeuka kahawia, mwani unaoishi ndani ya nyama yake umezidi: mwanga ni hafifu au maji yana rutuba mno. Likipauka, mwanga ni mkali au lina njaa. Na rangi iangalie chini ya taa nyeupe. Taa ya buluu hufanya kila kitu king'ae, hata tumbawe lililokwisha kupauka.

Pwaza:
Mkuu Mwani, umegusa mwanga ukauacha njiani. PAR (kipimo cha mwanga unaotumiwa na mwani wa tumbawe) 50 hadi 150 inatosha. Uyoga waweke kwenye 50, Sarcophyton na Sinularia juu kidogo. Taa mpya ya LED ianze asilimia 30, uongeze 5 kila wiki, saa 8 au 9 kwa siku. Huna kipima PAR? Weka tumbawe jipya mchangani, lipandishe hatua moja kila baada ya wiki mbili. Ukilipeleka juu siku ya kwanza, litaungua, na kulirudisha chini hakurejeshi rangi wiki hiyo wala ijayo.

Bamvua:
Kuna swali linalorudi kila mwezi: Sarcophyton imejifunga, inang'aa kama imepakwa nta. Inajivua ngozi. Huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili. Usiihamishe. Iongezee mkondo wa maji unaobadilika-badilika, si mchirizi mkali wa pampu wa kuipiga usoni, ili utando ubebwe. Usipobebwa, mwani huota juu yake na nyama huoza chini. Sehemu iliyolainika na kunuka ikatwe mpaka kwenye nyama nzima.

Kaa Tumbawe:
Vita vya kemikali msivisahau. Sarcophyton na Sinularia hutoa terpini (kemikali za kujihami) majini, na jirani husinyaa bila kuguswa. Acha sentimita 15 kati yao na weka kaboni ya kuchujia, nusu kikombe kwa lita 100, ioshwe mpaka vumbi liishe, ibadilishwe kila wiki 3 au 4. Xenia na Briareum kila moja ipewe jiwe lake lililozungukwa na mchanga. Zikishagusa mwamba mkuu, tangi ni lao.

Na hili ni la uhai wako: zoanthus na jamaa zao, hasa Palythoa, wanaweza kuwa na palitoksini, sumu kali sana. Vaa glavu na miwani unapowakata. Jiwe lenye hao USILICHEMSHE wala usilisugue kwa maji ya moto. Mvuke wake umewahi kupeleka familia nzima hospitali. Ukipata ladha ya chuma mdomoni, misuli kuuma au pumzi kubana, toka nje, nenda hospitali, na uwatajie sumu kwa jina.

Pwaza:
Kwa sisi wa Dar, Mombasa na Unguja: feni ya kupuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 au 3, lakini maji hukauka haraka. Kinachokauka ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo jazia maji ya RO (yaliyochujwa kwa utando maalumu) yasiyo na chumvi. Umeme ukikatika, kinachowahi kupungua ni oksijeni. Pampu ya hewa ya betri iwe tayari. Wanaochota maji ya bahari wachote yakijaa, mbali na mito na mifereji, na wakati wa masika waache kabisa kwa kuwa mvua hushusha chumvi ya ufukweni. Matumbawe yenyewe msiyang'oe baharini, nunueni vipande vilivyokuzwa tangini.

Mwani Mwekundu:
Na kukata vipande: wembe mpya, mkato mmoja. Gundi haishiki kwenye ute wa Sarcophyton. Weka kipande kwenye bakuli la changarawe, funika kwa kitambaa cha neti, mkondo mdogo. Ndani ya wiki mbili kinashika kijiwe chenyewe. Badilisha kaboni siku hiyohiyo, maana tumbawe lililokatwa humwaga sumu kuliko siku zote.