Naomba ushauri: kuwatembeza wageni kwa wapishi wa mtaani

Habari zenu wakuu. Nataka kuanza kuwatembeza wageni wa mjini jioni, kwa miguu, ili wale wanachokula wenyeji. Wengi hupiga picha za majengo kisha wanarudi hotelini kula chakula ambacho wangekipata popote. Inaniuma. Singapore vibanda vyao vya chakula vinathaminiwa hadi UNESCO ikavitambua mwaka 2020 kama urithi wa utamaduni usioshikika.

Juzi nilijaribu na mgeni mmoja. Alisimama kando ya sufuria, mvuke ukamfunika miwani, akaacha kabisa kushika simu. Mpishi akampa mwiko akoroge.

Sasa hofu yangu: nikipeleka watu kumi, wateja wa kila siku watakaa wapi? Na bei ikipanda kwa ajili ya wageni, nitakuwa nimewaharibia majirani. Kundi liwe la wangapi? Mpishi nimlipe kwa sahani au kwa kila kichwa? Kuhusu usafi, naangalia maji ya kunawa na chakula kinachotoka jikoni kikiwa moto, zaidi ya nyuzi 60. Ila kumkagua mtu mzima jikoni kwake bila kumvunjia heshima, mnafanyaje?