Mbio za baiskeli kwa ajili ya sokwe: fedha ziende hifadhini au vijijini?

MLETA MADA (Mwandiga): Wakuu, habari za jioni. Hapa kwetu kuna vijana wanaandaa mashindano ya baiskeli za milimani, ya vijana wenzao, mapato yote yaende kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Kwa mtu wa Kigoma hapo anazungumziwa sokwe kwanza. Nimeliunga mkono wazo tangu siku ya kwanza. Ubishi uko kwenye mambo mawili: njia ipite wapi, na fedha apewe nani.

Wapo wanaotaka mbio zipande milimani, zikate msitu hadi mpakani mwa Hifadhi ya Gombe wanakoishi sokwe, ili picha zitoke nzuri na ziwa likionekana kule chini. Napinga kabisa. Magonjwa yetu yanamwambukiza sokwe. Mwaka 1966 polio iliwaingia sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakabaki wamepooza viungo. Mafua yanayokulaza wewe siku mbili yanaweza kumuua yeye. Ukipitisha pale umati wa vijana na mashabiki wao, wanakohoa na kutema mate njia nzima, umemdhuru yule yule uliyemchangishia.

Fedha sasa. Wengi wanasema zipelekwe hifadhini. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968, ina askari wake, na wageni wanalipa kiingilio. Ila sokwe wengi wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za taifa, huko Masito na Ugalla, kwenye ardhi ya vijiji na misitu mingine. Hata wa Gombe wenyewe huvuka mpaka. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuulinda, lakini sheria haivalishi mtu buti. Nimewahi kupanda na mlinzi mmoja wa msitu wa kijiji. Miguuni kandambili. Simu ya kurekodia visiki na moto imepasuka kioo, kaizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli isimwagike vipande. Tukakuta kisiki cha mninga, unga wa msumeno bado mbichi, unanata vidoleni. Akapiga picha, akaniambia anamjua aliyeukata na wanachota maji kisima kimoja. Huyo ndiye ninayetaka fedha zimfikie.

Na jingine: baiskeli yenye gia ishirini anayo nani hapa? Tazama vijana wanaoshusha ndizi kutoka Kalinzi, mikungu imefungwa kwenye keria, breki ni kandambili iliyokandamizwa kwenye tairi la nyuma. Hao wakiachwa nje, mashindano hayo si ya Kigoma. Wawekewe kundi lao, wapewe breki na kofia ngumu, na wasitozwe kiingilio. Achangishwe mwenye duka: aahidi kiasi kwa kila kilomita atakayoendesha kijana.

MCHANGIAJI (Kasulu): Mkuu, kwenye njia nipo na wewe. Kwenye fedha, hapana. Hifadhini kuna hesabu na risiti. Kijijini mtakabidhi milioni mbili, mwezi ujao mtaambiwa zimeishia kwenye posho za vikao. Hayo tumeshayaona.

MCHANGIAJI (kijiji cha jirani na hifadhi): Wanangu, mimi ni mama wa watoto watano, shamba langu liko upande wa msituni. Nyani wanang'oa muhogo hata haujakomaa. Msimu wa mahindi mtoto mmoja lazima abaki nyumbani kulinda, shule anaikosa. Nilishapeleka malalamiko mahali, nikaambiwa nisubiri, mpaka leo. Halafu mwanangu aendeshe baiskeli kumchangia mnyama? Simchukii sokwe. Nauliza tu, sisi nani anatuchangia?

MLETA MADA: Mama, shikamoo. Swali lako limeniweka macho usiku. Niliandika "mapato yote" bila kumfikiria mtoto anayekosa shule kwa ajili ya nyani. Hapo nilikosea, nabadilisha. Sehemu ya fedha ilipe vijana wa zamu mashambani msimu wa mavuno, watoto warudi darasani. Sioni namna ya kumwambia mtu apende msitu unaomlaza njaa.

Ndugu wa Kasulu, hofu yako ni ya kweli, lakini dawa yake isiwe kuwapita wanavijiji. Tusikabidhi taslimu. Vinunuliwe vitu: buti, makoti ya mvua, simu, mapanga ya kusafishia barabara za kuzuia moto kabla kiangazi hakijakolea. Kila kitu kisomwe kwa bei yake kwenye mkutano mkuu wa kijiji, risiti zibandikwe ubao wa matangazo.

Waandaaji wanakutana Jumamosi, nami nitayapeleka haya. Mama, kama safari ni ngumu, nielekeze shamba liko upande gani. Nitakuja mwenyewe nilione kabla ya kikao.