Corolla 110: sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inashuka mpaka RPM 450 ikishapata moto

Ticha wa Uyole
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla 110, injini 5A, automatiki, niliichukua kwa shemeji Dar. Asubuhi na baridi hii ya Uyole, Mbeya, inawaka safi, mshale wa RPM unakaa 1,200. Shughuli inaanza ikishapata moto. Nikikamatwa na foleni Mafiati, gia iko D, mguu kwenye breki, mshale unashuka 450, taa za mbele zinafifia, na rozari niliyotundika kwenye kioo inacheza kama iko kwaya. Jana imezima mara 2. Ya pili bajaji zimenizunguka zinapiga honi, nikatamani kushuka niiache hapohapo.

Taa ya injini haiwaki. Fundi wa kwanza kabadili plagi zote 4, hola. Wa pili kakaza skrubu ya kwenye throto (mlango wa hewa ya injini), ikawa inapanda 1,500 inashuka 800, inapanda tena, yenyewe tu. Nikamrudia akailegeza, sijui kama aliirudisha palepale. Wa tatu anasema kompyuta ya injini imekufa, nitafute 180,000 ya iliyotumika. Tarehe zenyewe mnazijua. Nianzie wapi?

Mnyalu wa Ipogolo
Kamwene ticha. Hiyo gari ya pwani, haijazoea milima. Hewa ya huku nyepesi.

Mzee Spana
Mnyalu, hayo yalikuwa ya kabureta. 5A ina sensa inayopima mgandamizo wa hewa. Ukifungua swichi, kabla hujapiga stata, kompyuta imeshasoma hewa ya hapo ulipo. Mbeya tuko kama mita 1,700 na yenyewe inapunguza petroli.

Mwalimu, usinunue kompyuta. Umejijibu mwenyewe uliposema asubuhi iko safi. Injini ikiwa ya baridi, vali ya sailensa iliyo chini ya throto inafunguka sana, uchafu hauonekani. Ikipata moto inabana, hewa inapita kwenye upenyo mdogo, na nadhani huo ndio umezibwa na masizi. Watu watakwambia mpira mdogo wa vakyumu unavuja hewa. Kwa injini hii mpira huo ukivuja, sailensa mara nyingi inapanda, haishuki.

Pima hivi: injini ya moto ikiwa inanguruma, gia iko P, toa mpira mkubwa wa hewa. Mbele ya kipepeo, kile kibati cha throto kinachofungua na kufunga hewa, kuna tundu. Liziba kwa kidole. Mlio ukibadilika, vali inapitisha hewa. Usipobadilika kabisa, vali imeziba au imeganda.

Halafu throto ishushwe yote. Kupulizia dawa ya kabureta ikiwa juu ya gari ni kuosha uso na kuacha shingo. Vali ifunguliwe, isafishwe, irudi na gasketi mpya, na dawa isiingie kwenye sensa ya pembeni. Kuna mipira 2 ya maji inapita hapo, kwa hiyo ukimaliza angalia maji kwenye rejeta. Skrubu ilegezwe kipepeo kijifunge chenyewe, kisha ikazwe iguse tu. Ikisukuma kipepeo, kompyuta inaona mguu umetoka kwenye mafuta lakini injini inakimbia, inakata petroli, inarudisha, inakata. Ndiyo kupanda na kushuka kwako. Mwisho chomoa betri dakika chache ianze kujifunza upya.

Ticha wa Uyole
Mzee Spana, shikamoo. Niliziba tundu kwa kidole, mlio uleule. Jumamosi tumeishusha na kijana mmoja wa gereji ya Mwanjelwa. Ndani ya vali kulikuwa na tope jeusi kama lami ya moto, kile kipande cha kuzunguka kinasogea kwa shida hata ukikisukuma na bisibisi. Dawa kopo 1, mswaki wa zamani wa mke wangu (hajui bado), gasketi 6,000, ufundi 20,000.

Sasa ikiwa ya moto iko 750 kwenye N, 700 kwenye D. Leo nimekwenda Tukuyu na kurudi, haijazima. Ila kwenye D rozari bado inatikisika kidogo.

Mzee Spana
Marahaba. Hiyo ni maunti, raba inayoshikilia injini. Mwambie kijana aangalie ya mbele, huwa inachanika kwa chini.