Hisabati kwa WhatsApp: video hazifunguliwi, nifanyeje?

Mwalimu_Umoja: Hamjambo walimu. Nina wanafunzi 38 wa Gredi ya 8, masomo ya jioni. Simu ni za wazazi, na bando ni la siku. Video ya dakika 12 ikitumwa kwenye kundi, wanaifungua wachache. Majibu ya zoezi nayo yanazama katikati ya salamu za wazazi. Nibadilishe nini?

Chaki_na_Bando: Tatizo ni uzito. Simu ikirekodi kwa ubora wa juu wa 1080p, dakika moja inaweza kupita MB 100. WhatsApp huibana kabla ya kutuma, na hapo ndipo mwandiko wako unapofifia. Piga picha ya hatua za swali, mistari isiyozidi minane, kalamu nene, karatasi isiyo na kivuli. Geuza iwe PDF kisha itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha itabanwa, na 3 ya kipeo itasomeka 8. Chini yake weka ujumbe wa sauti wa dakika tano: "Tazama mstari wa pili, tumehamisha 7, alama imegeuka." Sauti hiyo kwa kawaida haifiki MB 1. Video ibakie kwa jiometri, pale bikari inaposhikwa, nayo isizidi dakika tatu.

Kuhusu salamu: fungua makundi mawili. La masomo, admini peke yao watume. La pili wapige gumzo watakavyo.

Kasuku254: Majibu yapokee kwa fomu ya Google, uiwashe kama jaribio. Ila jihadhari na maswali ya jibu fupi: fomu hulinganisha herufi kwa herufi. Ukiweka 0.5, aliyeandika 1/2 anapata sifuri. Ongeza kila umbo unalolikubali, au elekeza waziwazi, "andika kwa desimali". Kitambulisho kiwe nambari ya usajili. Ukiomba jina, mtoto mmoja atajiandika kwa namna tatu. Kisha zima kuonyesha majibu sahihi, la sivyo wa kwanza kumaliza atawapigia wenzake picha ya skrini.

Kura za WhatsApp hazifai kwa mtihani. Kila mtu anaona nani amechagua nini, kwa hiyo wanamfuata yule hodari.

Mwalimu_Umoja: Asante. Na ndugu wawili wanaotumia simu moja?

Kasuku254: Kwenye fomu, usiwashe mpangilio wa jibu moja kwa kila mtu. Kikwazo hicho kinafuata akaunti ya Google, kwa hiyo wa pili atafungiwa nje. Usiombe kupakia faili pia, maana lazima mtu aingie kwenye akaunti, na wazazi wengi wameshasahau nywila.

Chaki_na_Bando: Alama zitume kwa mzazi mmojammoja, si kundini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Iombe kwa maandishi siku ya kujisajili, maana katika kundi la kawaida nambari za simu nazo zinaonekana na wote.