Besi wanafuata chambo hadi miguuni kisha wanageuka. Nibadilishe uvutaji vipi?

MvuviWaMachweo
Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wanaovua besi wa mdomo mkubwa, samaki mwindaji wa maji baridi, kwa chambo bandia. Navulia ukingoni mwa bwawa lenye maji maangavu, upande mmoja magogo yaliyozama, upande wa pili majani ya majini. Chambo ninachotegemea ni kile cha umbo la samaki chenye kidomo cha plastiki mbele, kinachozama ukikivuta na kuibuka ukikiacha. Besi wanakiona, maana wanakuja nyuma yake, mara nyingine wawili pamoja, wanakisindikiza hadi karibu na miguu yangu halafu wanarudi zao. Nimebadilisha rangi, nimebadilisha ukubwa, wapi. Ninavyovuta ni mwendo mmoja tu tangu chambo kiguse maji mpaka kifike. Shida iko hapo? Kama ndiyo, nianze na kasi, vituo, au kutikisa fimbo?

ChubwiZito
Iko hapo hapo mkuu. Besi aliyesafiri mita kumi nyuma ya chambo chako hana ugomvi na rangi. Anachokosa ni sababu ya kuuma sasa hivi. Samaki mdogo aliye hai akimwona mwindaji nyuma yake hushtuka: hukimbia, hukata kona, husita. Chako kinapita kana kwamba hakuna kitu.

Anza na vituo. Zungusha rili (kifaa cha kukunjia mshipi) mara nne au tano, simama sekunde moja au mbili, kisha ondoka kwa nguvu. Usizigawe sawasawa, kituo kimoja kiwe kifupi, kingine kirefu. Besi wengi hukamata chambo kikiwa kimesimama au pale kinapoanza tena kwenda, kwa hiyo mshipi usilegee sana wakati wa kituo, la sivyo atakitema kabla hujahisi chochote.

Dada_wa_Ziwani
Kabla hatujampa mapishi, maji yana joto kiasi gani? Bila hilo tunakisia. Joto la mwili wa samaki hufuata la maji. Yakishuka chini ya nyuzi 10 za selsiasi mwili wake hufanya kazi polepole, hakimbizi kitu mbali, na kituo cha sekunde kumi si kirefu hata kidogo. Yakiwa na joto la kutosha, kasi yenyewe ndiyo humchokoza: hapati muda wa kukagua, inambidi aume au akose.

MvuviWaMachweo
Ahsante dada. Nimepima asubuhi, nyuzi 14, na yanapanda taratibu wiki hizi.

Dada_wa_Ziwani
Basi uko katikati, na hapo ndipo kubadilisha kunalipa zaidi. Asubuhi vuta polepole na vituo virefu. Jua likishapasha maji ya kina kifupi, ongeza kasi na ufupishe vituo. Maji yako ni maangavu, kwa hiyo anakiona chambo toka mbali na ana muda wa kukichunguza. Mwendo mmoja wa polepole ndio unaompa muda huo. Kwenye maji ya tope ningekushauri kinyume, mwendo usiobadilika sana, kwa sababu huko anakitafuta kwa mtikisiko anaouhisi kupitia mstari wa ubavuni (kiungo cha hisia kilicho ubavuni mwa samaki), na chambo kinachorukaruka ovyo kinampotea.

GogoLimezama
Natofautiana kidogo na waliotangulia. Kasi na vituo ni sawa, lakini mahali pa kubadilisha ni muhimu kuliko saa ya kubadilisha. Una magogo, yatumie! Kirushe chambo kupita gogo, kivute mpaka kidomo kiligonge, kisha acha kabisa kuzungusha. Chambo kitapinda pembeni na kuanza kuibuka, na besi aliyejificha hapo huuma bila kufikiri. Kuacha kuzungusha kunasaidia pia kisinase, maana kinaelea juu ya gogo badala ya kujichimbia. Watu wengi wanaogopa magogo, wanavuta maji matupu, halafu wanalaumu samaki.

Na kwenye majani, kikishika jani usikivute polepole. Kikung'ute kwa fimbo kichomoke ghafla, na ukae tayari.

RiliNaMshipi
Niongezee la vifaa. Angalia uwiano wa rili yako. Ya 5:1 huzungusha kipipa kinachokunja mshipi mara tano kwa kila mzunguko mmoja wa mkono, ya 7:1 mara saba. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine bila kupunguza mkono, umeongeza kasi ya chambo kwa asilimia 40 hivi, kama vipipa vina ukubwa sawa. Kwa hiyo mtu akikwambia "vuta polepole", muulize ana rili gani.

Mshipi nao una neno lake. Mnene huzuia chambo kuzama. Mshipi wa florokaboni (aina ya plastiki nzito) huzama, nailoni huzama kwa uvivu zaidi, na wakati wa kituo tofauti hiyo utaiona.

MvuviWaMachweo
Nimeelewa mengi. Swali moja limebaki: yule ambaye tayari namwona nyuma ya chambo, mita tatu kutoka kwangu, nimfanyeje? Nikisimamisha chambo naye anasimama, anakitazama, anaondoka.

ChubwiZito
Huyo usimsimamishie, mkimbize. Ongeza kasi ghafla, na hapo hapo upeleke ncha ya fimbo kushoto au kulia ili chambo kikate kona mbele ya macho yake. Inakubidi uanze mapema, mita tatu ni karibu mno, ameshakuona. Maji maangavu hayo: rudi nyuma hatua kadhaa toka ukingoni, au chuchumaa.

Akikataa hata hivyo, usirudishe chambo kile kile. Mtupie mnyoo laini wa plastiki wenye chubwi dogo (kizito cha kuuzamisha), pale alipogeukia, na usiuvute kabisa. Uache ushuke wenyewe, mshipi ukiwa umelegea kidogo, macho kwenye mshipi. Besi wengi huuchukua mnyoo unaposhuka na mkononi husikii kitu, utaona tu mshipi umeruka au unaenda pembeni. Hapo kaza, kisha vuta fimbo.

GogoLimezama
Nyongeza: ukipata mmoja, kumbuka chambo kilikuwa kinafanya nini sekunde ile. Kilikuwa kimesimama? Kimegonga? Kinaibuka? Rudia hicho hicho mara kadhaa kabla hujajaribu kingine, kwa sababu besi wa eneo moja siku moja mara nyingi hujibu jambo moja.

MvuviWaMachweo
Nashukuru sana wakuu. Alfajiri naanza na upande wa magogo, vituo virefu, na fimbo ya pili iwe na mnyoo tayari.