Nani amempa kipaza sauti yule wa "kandambili"? Jana katukosea sana

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikipishana mnisamehe.

Simtaji jina. Hakuna haja. Kila anayefuatilia langalanga (Formula 1) anamjua: yule mtangazaji mwenye sauti ya kukwaruza, anayeanza kila sentensi na "enzi zetu" utadhani yeye ndiye aliyekuwa akimfungia Fangio, bingwa wa miaka ya 1950, mkanda.

Jana kabla mbio hazijaanza walikuwa wanapitisha kumbukumbu za ajali. Ikafika Bahrain 2020. Mnaikumbuka wote. Mzunguko wa kwanza, gari la dereva Grosjean linaacha njia, linakita ukingo wa chuma kwa kilomita 192 kwa saa, linakatika vipande viwili kama muwa, halafu moto. Ukuta wa moto. Unahesabu sekunde mpaka unaacha kuhesabu, maana umeshakata tamaa. Kwenye sekunde ya 28 hivi mtu anachomoza katikati ya ndimi za moto, anapanda ukingo, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Kile cha kushoto kilinasa kwenye pedali, akauchomoa mguu akakiacha humo ndani kiungue.

Picha bado iko kwenye kioo, jamaa anasema: "Siku hizi gari limevalishwa kandambili kichwani, madereva wamekuwa watoto wa kubembelezwa." Halafu akacheka.

Akacheka, wakuu! Mtu anatoka motoni na kiatu kimoja, yeye anaongelea kandambili! Na kicheko chenyewe kilikuwa kirefu kuliko mzunguko wa Spa kule Ubelgiji, na Spa ni kilomita 7.

Hiyo anayoiita kandambili ni halo. Bomba la titani, kilo 7 hivi, nguzo moja nyembamba mbele ya uso wa dereva, kisha linazunguka kichwa na kufungwa nyuma yake. Linapimwa kwa mzigo wa tani 12 hivi kabla gari halijaruhusiwa kuingia barabarani. Siku ile Bahrain vyuma vya ukingo vilifumuka na nusu ya mbele ya gari ikapenya katikati yake. Toa hilo bomba uniambie kile chuma kingekutana na nini. Grosjean mwenyewe alikuwa hailitaki halo lilipoingia 2018. Akiwa hospitalini, mikono yote imefungwa bandeji, akasema bila hiyo asingekuwepo kuongea. Mwenye kichwa chake kabadili mawazo, wewe mwenye kipaza sauti unacheka?

Eti enzi zetu. Enzi zipi? Zandvoort 1973, gari la Roger Williamson limepinduka linawaka naye akiwa ndani. David Purley anasimamisha gari lake, anavuka barabara mbio, anajaribu kuligeuza peke yake kwa mikono. Wasimamizi wako pale, hawana nguo za kuzuia moto, hawawezi kusogea. Na mbio zinaendelea kupita pembeni! Hizo ndizo enzi anazozililia?

Henry Surtees, miaka 18, Brands Hatch 2009, tairi limechomoka kwenye gari la mwenzake likamfuata kichwani. Justin Wilson, Pocono 2015, kipande cha pua ya gari lililogonga mbele yake. Wote vichwa vilikuwa wazi, wote wakafa. Mtu anayejua hayo hawezi kucheka. Na kama hayajui, anafanya nini pale?

Kiatu kimoja, wakuu. Picha iko mbele yake kabisa. Akacheka.

Nataka aombe radhi hewani. Mwenye klipu aiweke hapa.

Gia ya Nane: Mkuu umenisemea. Mimi nilizima sauti, nikaangalia mbio zote kimya kama bubu. Huyu ndiye aliyewahi kututangazia kwamba matairi mekundu ndiyo magumu. Mekundu! Hata mtoto aliyeanza kuangalia juzi anajua mekundu laini, njano ya kati, meupe magumu.

Turbo Baridi: Akikosea hasahihishi. Anaongeza sauti tu.

Kibao cha Piti: Mleta uzi, gari la 2022 lilikuwa na kilo 798 na bado hasira zako zimelizidi uzito. Kunywa maji. Mtu kacheka tu.

Kona Kali (mleta uzi): Kacheka TU? Kiatu kimoja mkuu! Nenda kaiangalie ile picha tena, tazama ule mguu wa kushoto, halafu urudi uniambie "tu".

Kibao cha Piti: Nimeiangalia. Sawa. Lakini umeandika "hailitaki halo", hiyo ni lugha gani?

Gia ya Nane: Mtu anaungua, wewe unasahihisha insha.

Mzee wa Kabureta: Vijana, mimi mtanipiga mawe. Kicheko hapana, hapo alikosa adabu. Halo ibaki. Ila kuna jambo moja alilosema hamtaki kulisikia: wenye sheria wakishapata neno "usalama" mdomoni, wanaua kila wazo jipya. Brabham walileta gari la feni 1978 kule Anderstorp, Lauda akashinda, halikukimbia tena. Williams walikuwa na suspensheni ya kompyuta, Mansell 1992 akawafanya wenzake waonekane wameegesha. Kufika 1994, marufuku. Mercedes 2020 wakaleta ile DAS, dereva anavuta usukani kifuani na matairi ya mbele yanajinyoosha. Mwaka uliofuata, marufuku. DAS ilimuumiza nani? Nitajieni mtu mmoja.

Dada Telemetria: Shikamoo mzee. DAS nakuachia, hata mimi iliniuma. Ila feni usiitetee kwa kuikata nusu. Ushindi wa Lauda haukufutwa, na gari waliliondoa Brabham wenyewe baada ya timu nyingine kuja juu. Na ubunifu haujafa. Hayo magamba ya kaboni wanayokalia leo, McLaren waliyaleta 1981 watu wakisema yatapasuka kama kioo. Mwaka huohuo Monza, gari la John Watson likakatika, injini upande wake na gamba upande wake. Watson akatoka kwa miguu yake, wabishi wakanyamaza.

Mzee wa Kabureta: Marahaba binti. Lakini ile feni ilikuwa ya kupozea injini.

Dada Telemetria: Mzee! Lilikuwa limesimama, wakilikanyagia mafuta feni inafyonza hewa ya chini yake, linachuchumaa mpaka chini. Injini gani inapozwa kwa kuchuchumaa?

Mzee wa Kabureta: Ilipoza pia.

Turbo Baridi: Hahaha, "pia".

Mvua Haikatiki: Nyie mnalilia kicheko, mimi bado nadai Spa 2021. Watu wamelowa kutwa nzima, magari yamezungushwa nyuma ya gari la usalama kama msafara wa harusi, halafu wakagawa nusu alama. Mbio zenyewe hazikuwepo! Hilo ndilo tusi. Fungua uzi wa hilo nitachangia kurasa kumi.

Gia ya Nane: Ulitaka wafanye nini, wawaachie kwenye ile mvua hawaoni hata pua ya gari lao?

Mvua Haikatiki: Wasigawe alama! Warudishe watu nyumbani, waseme mbio hakuna. Ni vigumu?

Kona Kali (mleta uzi): Suzuka 2014 ilikuwa mvua, mkuu. Bianchi akaingia chini ya trekta lililokuwa linaondoa gari lingine. Tulikaa miezi tisa tunasubiri habari njema, haikuja. Na Bianchi alikuwa baba wa ubatizo wa dereva mwenzake, Leclerc. Miaka minne baadaye, Spa hiyohiyo unayoilalamikia, gari la Alonso likarushwa juu likapita juu ya kichwa cha Leclerc, na alama ya tairi ikabaki kwenye halo. Kwenye halo, siyo kwenye helmeti. Halafu mtu anaiita kandambili.

Mvua Haikatiki: Hapo sina neno. Nusu alama bado nazidai.

Kibao cha Piti: Mleta uzi, hilo la Leclerc ungelianza nalo. Nimekuelewa sasa.

Silinda Kumi: Mimi nauliza tu, V10, zile injini za silinda kumi, zinarudi lini? Usalama tumepata, sawa, ila sauti imekwenda wapi? Zamani gari likipita kifua kinatetemeka. Sasa linapita, nasikia mashabiki kuliko injini.

Turbo Baridi: Ameingia huyu.

Silinda Kumi: Nimeingia na sitoki.

Gia ya Nane: Tatizo siyo sauti, ni ukubwa. Magari yamekuwa marefu kama meli, ukifika Monaco hakuna anayempita mtu. Jumapili nzima ni foleni.

Mzee wa Kabureta: Kwa sababu kila mtu analazimishwa kuchora gari lilelile. Tyrrell walikuwa na gari la magurudumu sita na likashinda. 1976, Scheckter, Anderstorp.

Turbo Baridi: Anderstorp tena? Feni Anderstorp, magurudumu sita Anderstorp. Huko Sweden kulikuwa na nini?

Silinda Kumi: Sita?! Mzee unatutania.

Kona Kali (mleta uzi): Wakuu, klipu. Nani ana klipu?

Silinda Kumi: Subiri kwanza mkuu, hili la sita. Yanakunjaje kona?

Dada Telemetria: Ni kweli kabisa, halina utani. Mawili makubwa na manne madogo. Mzee, yale manne ndiyo yalikuwa mbele, eti?

Mzee wa Kabureta: Mbele, binti. Madogo, inchi 10. Na yote manne yalikuwa yanakunja.